Mizani ya Wateuzi: Jinsi Timu ya Kriketi ya Kenya Ilivyochaguliwa Hata Ikadhoofika

Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya nilieleza jinsi mchezo wa kriketi ulivyofika nchini kwetu pamoja na reli na utawala wa Kiingereza, ukapokewa na jamaa zetu wenye asili ya Bara Hindi ambao waliujengea vilabu na viwanja na kuutunza kwa mali yao wenyewe, hata ukawafikia vijana wa Kiafrika waliokulia kando ya viwanja hivyo na kuujua kwa macho kabla hawajaujua kwa mikono. Leo naingia katika jambo ambalo wapenzi wa mchezo huu hawakutani ila hulizungumza, na aghalabu hulizungumza kwa uchungu, nalo ni uteuzi wa wachezaji wa timu ya taifa: ni nani aliyechaguliwa, kwa mizani gani, na ni nani aliyeachwa.

Nayaandika haya nikiwa Mtopanga, katika bara ya Kisauni huku Mombasa, ambako vijana wakipata uwanja hucheza kandanda, na ambako ukiitaja kriketi mbele ya watu wazima watakukumbusha mwaka 2003, tulipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, kisha watakuuliza ile timu ilikwenda wapi. Swali hilo ni la haki. Wako wanaojibu kwamba fedha ndizo zilizoharibu, wako wanaosema kwamba vijana wa leo hawaupendi mchezo, na wako wanaoamini kwamba wakubwa wa kriketi ya dunia walitutupa kwa makusudi baada ya kutuona tumeinuka. Katika kila kauli mna sehemu ya kweli, wala sikusudii kuikanusha hata moja. Lakini kila nikiyapitia matokeo ya timu yetu tangu miaka ya 1990 hadi leo naona jambo moja lililokuwamo wakati wa fedha na wakati wa ukata, wakati wa ushindi na wakati wa fedheha, nalo ni kwamba wateuzi wetu walikuwa wakichagua kwa kuitazama mechi iliyopita, ilhali kazi yao hasa ni kuitazama miaka ijayo. Na kwa sababu hiyo wakawashikilia wakongwe muda mrefu bila ya kuwaandalia warithi, wakawaondoa kwa mkupuo walipoona aibu, kisha wakawarudia walipoona giza.

Msomaji asiyeuzoea mchezo huu huenda akadhani kwamba kuchagua timu ya kriketi ni sawa na kuchagua timu ya kandanda, na kwamba inatosha kuwachukua watu 11 walio hodari kuliko wenzao. Sivyo. Mshambuliaji wa kandanda akikosa bao katika dakika ya tano, anazo dakika nyingine 85 za kujirekebisha. Lakini mpigaji wa kriketi akikosea mpira mmoja tu, wiketi yake, yaani vile vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, ikaanguka au mpira ukadakwa, zamu yake imekwisha, naye atakaa chini ya kivuli siku nzima akiwatazama wenzake. Kwa ajili hiyo hata mpigaji aliye bora duniani huwa na siku za kutoka bila ya mkimbio hata mmoja, na ubora wake haujulikani kwa mechi moja, wala mbili, wala tano, bali hujulikana kwa wastani wa mikimbio aliyoikusanya katika zamu nyingi, juu ya viwanja vya namna mbalimbali na mbele ya warushaji wa namna mbalimbali. Mteuzi anayemwondoa kijana kwa sababu ameshindwa mara tatu mfululizo hajaupima uwezo wake. Amepima bahati yake ya juma moja. Na mteuzi anayemwingiza mtu kwa sababu ametia mikimbio 100 katika ligi siku ya Jumapili amefanya kosa lilelile kwa upande wa pili.

Fauka ya hayo, kila nafasi ina kazi yake. Wapigaji wawili wa kwanza huukabili mpira ungali mpya na mgumu, unapokwenda kwa kasi na kupindapinda hewani. Wa katikati hukutana nao umekwisha chakaa, wakirushiwa polepole na watu wanaouzungusha kwa vidole au kwa kifundo cha mkono. Mlinzi wa wiketi hutakiwa awe na mikono ya kudaka na pia awe na kitu cha kuongeza kwa gongo. Na miongoni mwa warushaji hutakiwa wawepo wa kasi na wa mzunguko, wa mkono wa kulia na wa kushoto, ili mpinzani asipate kuizoea namna moja. Kuwachukua watu 11 wenye wastani mkubwa bila ya kuangalia nani atafanya kazi gani ni kujikusanyia wachezaji tu, na timu bado haijapatikana.

Sasa tuitazame timu iliyochaguliwa vyema, maana asiyejua uzuri wa kitu hawezi kuueleza ubaya wake. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune katika India, Kenya iliyokuwa ikicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza kwa jina lake yenyewe ilitia mikimbio 166 tu, na wapigaji wetu walishindwa kiasi kwamba Steve Tikolo, kwa mikimbio yake 29, ndiye aliyekuwa juu ya wote. West Indies wakaingia wakitarajia kumaliza kazi kabla ya jua kuchwea, wakatolewa wote kwa mikimbio 93. Maurice Odumbe, aliyekuwa nahodha, alitwaa wiketi tatu, yaani aliwatoa wapigaji watatu, kwa mikimbio 15, na Rajab Ali akatwaa tatu kwa mikimbio 17, ikiwamo ya mpigaji wao mashuhuri Brian Lara mwenyewe. Watu husimulia ushindi huo kama muujiza, lakini ukikitazama kikosi utaona kwamba ulikuwa na msingi. Alikuwamo Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, mrushaji wa mzunguko wa mkono wa kushoto aliyekwisha pita miaka 30. Alikuwamo Dipak Chudasama, mzaliwa wa Mombasa vilevile, daktari wa meno kwa kazi yake na mpigaji wa mwanzo kwa mapenzi yake. Walikuwamo Tikolo, Martin Suji na Kennedy Otieno walio katika ujana wa kati. Na alikuwamo Thomas Odoyo, kijana wa miaka 17. Mteuzi aliyethubutu kumpeleka mtoto wa miaka 17 katika Kombe la Dunia hakuwa akiitazama Pune peke yake. Odoyo huyo ndiye aliyekuja kuwa mchezaji wa kwanza kutoka nchi zisizo na hadhi ya mechi za Test, zile za siku tano, kufikia mikimbio 1,500 na wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Mwaka 1997 tulifika fainali ya kombe la nchi wanachama wadogo kule Malaysia, Tikolo akatia mikimbio 147, na bado tukashindwa na Bangladesh kwa mpira wa mwisho. Oktoba ya mwaka huohuo, mjini Nairobi, Kennedy Otieno na Chudasama waliwajibu Bangladesh hao kwa kufungua zamu yetu na mikimbio 225 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka. Mwaka 1998 tuliishinda India nyumbani kwake Gwalior, na mwaka 2001 tukaishinda tena kule Port Elizabeth. Bangladesh, hata hivyo, walipewa hadhi ya Test mwaka 2000, na sisi hatukupewa. Sitayarefusha hayo hapa.

Nataka nikae kidogo juu ya mwaka 2003, kwa kuwa ndani yake mna mfano mwema kuliko yote niijuayo wa kazi ya uteuzi, na mfano huo unatuhusu sisi watu wa Mombasa. Aasif Karim, aliyekuwa nahodha katika Kombe la Dunia la 1999, ambalo tulishindwa mechi zote tano, alikwisha uacha mchezo wa kimataifa na kushughulika na mambo yake. Lilipokaribia Kombe la 2003 aliombwa arejee, hali ametimia miaka 39. Bila ya shaka wapo walionung'unika kwamba mzee amerudi kuchukua nafasi ya kijana. Na laiti angerudishwa kwa ajili ya jina lake tu, manung'uniko hayo yangekuwa ya haki. Lakini tazama kilichokuwapo na kilichokosekana. Collins Obuya alikuwa kijana mwenye mzunguko wa kifundo cha mkono, aliyewavunja Sri Lanka mjini Nairobi tarehe 24 Februari kwa kutwaa wiketi tano kwa mikimbio 24. Odoyo, Suji na Peter Ongondo walikuwapo kwa mipira ya kasi. Tikolo, Odumbe, Ravindu Shah na Hitesh Modi walikuwapo kwa kupiga. Kilichokosekana ni mtu mtulivu wa mkono wa kushoto anayeweza kulifunga lango upande mmoja ili vijana washambulie upande wa pili. Pengo lilikuwa moja, likajulikana, akatafutwa mtu wa kulijaza.

Tarehe 15 Machi mjini Durban, mbele ya Australia iliyokuwa ikielekea kulitwaa kombe lile bila ya kushindwa hata mechi moja, Karim alirusha ova 8 (kila ova ni mipira sita) na mipira miwili, akatoa mikimbio 7 tu, akatwaa wiketi tatu, ya kwanza ikiwa ya nahodha wao Ricky Ponting. Australia walishinda mechi, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa Karim. Siku tano baadaye tulicheza nusu fainali na India, tukashindwa kwa mikimbio 91, na Karim akastaafu tena, safari hii moja kwa moja.

Insafu inanilazimu niseme kwamba njia ya nusu fainali ile ilirahisishwa na jambo moja lisilo la uwanjani, yaani New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama wao, na pointi za mechi hiyo zikawa zetu. Hata hivyo Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe tuliwashinda uwanjani, nao wote watatu walikuwa na hadhi ya Test.

Baada ya hapo, ndugu msomaji, ndipo taksiri zilipoanza. Mwezi Agosti 2004 Maurice Odumbe alifungiwa miaka mitano baada ya kupatikana na hatia ya kushirikiana na watu wa kamari. Wachezaji na chama wakagombana juu ya malipo na mikataba. Mwaka 2005 waziri wa michezo, Ochillo Ayacko, alikivunja Chama cha Kriketi cha Kenya, na mahali pake ikasimamishwa Cricket Kenya chini ya uenyekiti wa Samir Inamdar. Katikati ya zahama hizo timu iliyofika nusu fainali ya dunia ilicheza mechi mbili za kimataifa za siku moja mwezi Septemba 2004, kisha haikucheza nyingine hata Februari 2006. Hapa ndipo mteuzi alipopokonywa chombo chake cha kazi, kwani atamjuaje kijana ambaye hajacheza? Kizazi ambacho kingepaswa kujaribiwa katika miezi ile, kikashindwa, kikajifunza na kurudi, kilikaa kikingoja. Na mechi ziliporejea kila mtu alikuwa na kiu ya kushinda upesi ili kurudisha heshima, nafasi wakapewa walewale waliojulikana.

Mwaka 2007 tulikwenda katika makombe mawili ya dunia. Katika lile la ova 50 tuliishinda Canada peke yake, Tikolo akiwa ndiye nguzo. Katika lile la kwanza la ova 20, kule Johannesburg, Sri Lanka walitutilia mikimbio 260, jumla ambayo dunia haikuwa imewahi kuiona katika mechi ya namna ile. Dalili zilikuwa dhahiri shahiri.

Kisha likaja Kombe la 2011. Kikosi kilikuwa cha watu 15 chini ya unahodha wa Jimmy Kamande. Kati ya hao 15, watano walikuwamo mwaka 2003, nao ni Tikolo, Odoyo, Ongondo, na ndugu wawili David na Collins Obuya. Na wawili kati ya hao watano, Tikolo na Odoyo, walikuwamo tangu 1996. Tikolo alikuwa na miaka 39. Tarehe 20 Februari mjini Chennai tulitolewa na New Zealand kwa mikimbio 69, nao wakaifikia hesabu hiyo bila ya kupoteza wiketi hata moja. Mechi zote sita tulishindwa. Hata Zimbabwe, tuliowashinda kwa wiketi saba kule Bloemfontein miaka minane nyuma, walitushinda kwa mikimbio 161. Siku moja tu ya faraja ilipatikana, nayo ni ile ambayo Collins Obuya, aliyekwisha poteza ule mzunguko wake wa zamani na kujigeuza kuwa mpigaji, alibaki uwanjani na mikimbio 98 mbele ya Australia mjini Bangalore, akikosa miwili tu kutimiza mia.

Magazeti ya wakati ule yaliwalaumu wateuzi kwa kuwachukua wazee. Mimi siwalaumu kwa hilo. Mwezi Januari 2011, mteuzi aliyeketi mezani na karatasi mbele yake hakuwa na mpigaji wa kumweka mahali pa Tikolo, na kama angemwacha nyumbani tungelitolewa kwa mikimbio michache zaidi bila ya faida yoyote. Kosa lilitendeka miaka mitano na sita nyuma, siku ambazo hapakuwa na kombe wala kamera, ambapo kijana angaliweza kupewa nafasi ya tatu au ya nne katika mechi za daraja la chini na kuachiwa humo msimu mzima, ashindwe mara kumi na kufaulu mara nne. Jahazi likiwa na ubao mbovu fundi huubadili ubao huo peke yake, akaukalafati, chombo kikaendelea na safari. Hangoji mbao zote zioze ndipo azing'oe kwa siku moja. Sisi tulingoja.

Na tuling'oa kweli. Kati ya mwaka 2009 na 2013 unahodha ulipita mikononi mwa Tikolo, Maurice Ouma, Kamande, Collins Obuya na Rakep Patel, watu watano kwa miaka mitano. Na katika muda huohuo walikuja na kuondoka makocha Andy Kirsten, Eldine Baptiste, Mike Hesson na Robin Brown. Hesson alikaa nasi mwaka mmoja tu, akaondoka, akaajiriwa na New Zealand na kuifikisha fainali ya Kombe la Dunia la 2015. Kila kocha alikuja na macho yake, na kila nahodha na watu wake wa kuwaamini. Kijana aliyependwa na wa kwanza alisahauliwa na wa pili, na aliyeachwa na wa pili akaitwa na wa tatu hali amekwisha kata tamaa na kutafuta kazi. Mchezaji anayejua kwamba zamu mbili mbaya zitamwondoa hachezi kwa ajili ya timu, huchezea nafasi yake. Hupiga kwa hofu, hukataa mkimbio wa hatari ambao mwenzake anauhitaji, na hofu hiyo huonekana katika hesabu za mwisho kana kwamba ni upungufu wa kipaji.

Mwishoni mwa 2013, timu ikijiandaa kwa mashindano ya kuwania nafasi za dunia, Tikolo aliitwa tena. Alikuwa na miaka 42, alikwisha staafu baada ya 2011, naye alikubali kwa mapenzi ya nchi yake, jambo ambalo halina mtu wa kumlaumu. Tarehe 30 Januari 2014, kule Christchurch, tulishindwa na Scotland, na mashindano hayo yakatuvua hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, hadhi tuliyokuwa nayo tangu 1996. Tikolo alikuwamo uwanjani mwanzo wa hadhi hiyo, na alikuwamo uwanjani ilipokwisha.

Linganisha mwito huo na ule wa Karim. Wote wawili ni wakongwe, wote wawili walistaafu, wote wawili waliombwa. Lakini Karim aliitwa na timu iliyosimama, kwa kazi moja iliyojulikana, kwa muda wa mashindano mamoja; na Tikolo aliitwa na timu isiyojua inakosa nini, kwa kuwa jina lake ndilo pekee lililobaki kuwapa watu matumaini. Kwa hiyo nasema kwamba umri si hoja. Atakaye ushahidi zaidi na awatazame jirani zetu wa Uganda, ambao mwezi Juni 2024 walicheza Kombe la Dunia la ova 20, kombe ambalo sisi hatujalikanyaga tangu 2007. Mbele ya Papua New Guinea, mjini Providence katika Guyana, Frank Nsubuga wa miaka 43 alirusha ova zake nne akatoa mikimbio minne tu na kutwaa wiketi mbili, na Uganda wakashinda. Mzee huyo alikuwa katika kikosi kimoja na Juma Miyagi aliyezaliwa mwaka 2003. Hakuna aliyeuliza kwa nini mzee yumo, maana kazi yake ilionekana, na vijana walikuwa kando yake wakiitazama.

Liko jambo jingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, nami naona ni heri lisemwe waziwazi. Ukiyasoma majina ya timu yetu kwa miaka 30 utakuta ndugu wengi: kina Tikolo, kina Odumbe, kina Suji, kina Obuya watatu, na ile nyumba moja iliyowatoa Lameck Onyango, Nehemiah Odhiambo, James Ngoche na Shem Ngoche. Wapo wanaodai kwamba huo ni upendeleo. Sikubaliani nao, kwani matendo ya watu hao uwanjani yanajieleza yenyewe, na ndugu kumfundisha ndugu ni jambo la kawaida katika kila mchezo. Lakini orodha hiyo inatuonyesha ubaya mwingine: nchi ya mamilioni ya watu ilikuwa ikiteka maji katika kisima kimoja. Waliochaguliwa walistahili, taabu ni kwamba wengine hawakupata hata kuonekana.

Na hapa narudi Mombasa. Kilabu cha Mombasa Sports Club kimekuwapo tangu 1896. Uwanja wake uliandaa mashindano ya Januari 2007 baina ya Kenya, Scotland na Canada, na mwaka 2011 ilipoanzishwa ligi ya Afrika Mashariki pwani ilipewa timu yake, Coast Pekee. Mji huu uliowazaa Karim na Chudasama una vilabu vya jamii vilivyoucheza mchezo kwa vizazi. Ila vyote viko kisiwani au karibu na kisiwa. Kijana wa Mtopanga, au wa Utange, au wa Likoni ng'ambo ya feri, ili aushike mpira wa kriketi ule mgumu lazima avuke maji, alipe nauli ya matatu kwenda na kurudi, apate mtu wa kumwingiza kilabuni, kisha apate gongo, glavu na kinga za miguu ambazo bei yake inapita uwezo wa mzazi anayeishi kwa kibarua. Akivishinda vizuizi vyote hivyo akawa mchezaji wa ligi ya pwani, bado wateuzi wako Nairobi, na ligi wanayoitazama juma hata juma ni ya Nairobi. Hakuna mtu aliyekaa mezani akaandika kwamba kijana wa Kisauni asichaguliwe. Hakuhitajika mtu wa kuandika hivyo.

Yaliyofuata baada ya 2014 yanajulikana na yanahuzunisha. Februari 2018, kule Windhoek, timu yetu ilishindwa mechi zake zote katika daraja la pili la ligi ya dunia ikashushwa. Na baada ya hapo nahodha Rakep Patel, kocha Thomas Odoyo, yule kijana wa miaka 17 wa mwaka 1996, na mwenyekiti Jackie Janmohamed wakajiuzulu wote. Mahali pa Odoyo akawekwa Maurice Odumbe, yuleyule aliyefungiwa mwaka 2004. Agosti 2024 akatangazwa kocha mwingine, Dodda Ganesh aliyewahi kuichezea India, na baada ya mwezi mmoja hivi bodi ikaubatilisha uteuzi wake kwa madai kwamba taratibu hazikufuatwa, kazi akapewa Lameck Onyango. Sina neno baya juu ya yeyote kati ya hao. Nauliza tu, kijana aliyeitwa kambini mwezi Agosti na kuambiwa arekebishe namna anavyosimama mbele ya wiketi, mwezi Oktoba alimsikiliza nani?

Dawa yake, kwa maoni yangu, haihitaji mali nyingi kama watu wadhanivyo. Wateuzi wawe watu wasiokuwa na vyeo katika vilabu vyenye wachezaji wanaoshindania nafasi, nao wateuliwe kwa muda maalumu wa miaka minne, hata kocha akibadilishwa wao wasibadilishwe. Kila anayeachwa aandikiwe sababu ya kuachwa kwake na kazi anayotakiwa aifanye ili arejee; barua ya mistari mitano ingewaokoa wengi walioacha mchezo kwa kudhani wamechukiwa. Kijana akiingizwa apewe ahadi ya idadi ya mechi, na ahadi hiyo itimizwe hata akianza vibaya. Vitabu vya hesabu vya ligi ya pwani, ya Nairobi na ya Kisumu vikusanywe mahali pamoja ili wastani wa mchezaji wa Mombasa upimwe katika mizani moja na wa mwenzake. Na angalau mteuzi mmoja awe mtu wa pwani, ambaye Jumamosi na Jumapili yuko viwanjani huku na daftari yake.

Lakini mteuzi hachagui asiyekuwapo, na hapo ndipo Uganda walipotutangulia, kwa kuwa wao wana juma lao la kriketi la shule ambapo vijana wa shule mbalimbali, kama ile ya Busoga College Mwiri, hukutana na kuchuana mbele ya macho ya walimu na makocha. Kijana aliyezaliwa mwaka ambao Karim alimtoa Ponting amekwisha pita miaka 20, yumo katika umri wa kuitwa timu ya taifa, na kama yuko huku Kisauni basi alimaliza shule ya msingi na ya sekondari bila ya kuuona mpira huo mgumu. Katika sehemu ya tatu nitaeleza ni shule zipi za bara hii ya kaskazini zina nafasi ya kutosha kutandikwa njia ya saruji ya kuchezea, gharama yake, na watu ambao, kwa maoni yangu, wanapaswa kuibeba gharama hiyo.